Sahihi ya Asiyekuwepo

Kabla hajatoa kipimo mfukoni alikuwa na swali moja: "Nani analala wapi?" Ukimwambia unataka kuongeza chumba uani, uani hakuangalia kwanza. Alivua viatu mlangoni, hata ukimwambia aache, akapita chumba kwa chumba, na kila kitanda, kila mkeka, kila godoro lililoviringishwa nyuma ya kabati, alitaka kujua ni la nani. Wanaume wengi wa Jabe, mtaa wetu, waliona huo ni ufidhuli. Mtu amekuja kwa ajili ya ukuta, malazi ya watu yanamhusu nini? Lakini kalamu ilikuwa mkononi mwake, basi walimjibu, na wengine walimdanganya, naye aliuandika hata uongo wao kwa mwandiko uleule mdogo ulionyooka.

Sisi tulimwita Mpimaji. Jina alikuwa nalo, lilikuwa kwenye kadi aliyoibana shatini, ila sikumbuki mtu wa mtaani aliyewahi kulitamka. Alitumwa na ofisi iliyotoa ruhusa za kujenga, na kazi yake ilikuwa kukagua nyumba ambazo watu walitaka kuzipanua: jiko jipya, chumba cha mpangaji, chumba cha kijana anayetaka kuoa. Baba yake alikuwa nani, alizaliwa kijiji cha mlima gani, sikuuliza. Miaka ile ya vita vya makabila mtu mwenye akili zake hakuuliza mambo hayo. Na niseme mapema kwamba sikumpenda. Sehemu kubwa ya miaka niliyomjua nilimchukia, na chuki yangu ilikuwa na sababu.

Alikuwa mfupi, mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja. Kipimo chake cha kitambaa kilikatika zamani kwenye mita ya kwanza. Angeweza kuomba kipya ofisini, lakini alikizoea, kwa hiyo alianzia kwenye moja, na mwisho akapunguza mita moja kichwani. Mafundi wasiomjua walipiga kelele kwamba amewazidishia. Aliwasubiri wamalize, kisha akawapa kipimo wapime wenyewe.

Mbuzi aliwaogopa kupita kiasi. Nyumba yenye mbuzi uani hakuingia mpaka mbuzi afungwe kamba, na hata akifungwa, Mpimaji alipita upande wa pili akiwa amekumbatia faili lake kifuani. Tulimcheka sana kwa hilo. Mama yangu, aliyekuwa na duka la mchele na sabuni mbele ya nyumba yetu, alisema mwanamume wa aina hiyo hawezi kumzuia mtu kujenga chochote. Mama alikosea.

Chumba kikishajengwa, alikuja tena. Aliingia peke yake, akafunga mlango, akakaa humo kimya muda wa mtu kunywa kikombe cha chai. Akitoka na jasho usoni alimwambia mwenye nyumba, "Humu mutu hawezi kulala. Toboa matundu juu, pande mbili." Mwenye nyumba akilalamika kwamba bati limeshapigwa, alimwambia aingie akae yeye. Hakuna aliyekaa muda ule wote.

Alikuwa na misemo yake, na watoto wa mtaa waliijua kama wanavyojua nyimbo. "Maji ya paa yako yaanguke kwako," alisema, maana watu walipenda kuinamisha bati upande wa jirani ili mvua iharibu ua wa mwingine. "Dirisha iko na macho," alisema pia, na hakuna aliyeruhusiwa kufungua dirisha la kutazama ua wa jirani bila kuacha mita mbili. Lakini ule aliourudia zaidi ulihusu kuta. "Ukuta haijui kurudi nyuma," alisema. "Mutu anaweza kurudi nyuma. Ukuta, apana."

Msidhani alikuwa mtu wa chuma tu. Mjane mmoja wa mtaa wa pili hakuwa na uwezo wa kumwendea mchoraji. Mpimaji alikwenda kwake Jumapili baada ya misa, na nguo zake za kanisani, akamchorea ramani ya chumba na jiko, bure. Jumatatu mjane alipeleka ramani ile ofisini, na Mpimaji yuleyule akaikataa, kwa sababu dirisha la jiko lilikuwa karibu mno na ua wa jirani.

"Muzee, si ni wewe ulichora?" mjane aliuliza, na foleni nzima ikaangua kicheko.

"Jana nilikuwa nyumbani kwako," alisema. "Leo niko ofisi. Nilikosea. Lete hiyo karatasi." Akatoa kifutio, akalisogeza dirisha palepale juu ya meza, akagonga muhuri.

Nilikuwa kwenye foleni siku ile. Na nilikuwepo siku nyingine, mbaya zaidi. Ilikuwa katikati ya vita, wakati mitaa ilipokuwa ikigawanyika, watu wa huku wakikimbilia kule na wa kule wakikimbilia huku, na nyuma yao nyumba zikabaki wazi. Vijana wanne wenye silaha waliingia ofisini asubuhi, mbele yetu sote. Mkubwa wao alitaka kitabu cha viwanja vilivyo tupu.

"Hakuna parseli tupu," Mpimaji alisema. "Kuna parseli zenye watu ndani, na kuna parseli zenye watu walitoka."

"Walitoka wapi? Watarudi lini?"

"Hiyo mi sijui. Mi najua tu kama ni zao."

Kijana alimpiga kofi, miwani ikaanguka. Mpimaji aliinama akaitafuta kwa mikono sakafuni, na hakuna hata mmoja wetu aliyethubutu kumsaidia. Akaivaa, akakiweka kitabu kile chini ya makalio yake, juu ya kiti, akakikalia. Kisha akatutazama sisi wa foleni akasema, "Anayefuata." Vijana walicheka, wakaondoka. Mpaka leo sijui kwa nini walicheka tu. Nilirudi nyumbani nikamsimulia mama habari zile kwa fahari, kana kwamba Mpimaji ni mjomba wetu.

Basi na iwe hivyo. Ni rahisi kumsifu mtu anapowanyima wengine.

Miezi michache baadaye Mama mdogo, ndugu wa mama yangu wa ziwa moja, alifika akikimbia kutoka mtaa wa Mutakura na watoto wanne, wa mwisho mgongoni. Alikuwa na kiwanja chake kule, na nyumba aliyoijenga na marehemu mume wake tofali kwa tofali. Aliifunga kwa kufuli na kuja na funguo. Huyo wa mgongoni alikuwa Sauda, miaka miwili, mtoto wa kucheka na kila mtu.

Nyumba yetu ilikuwa ya vyumba viwili nyuma ya duka, na tayari tulikuwa wanane, pamoja na bibi aliyepooza. Wakubwa watatu wa Mama mdogo tuliwabana ndani. Yeye na Sauda walilala kwenye baraza la uani, wamezungukwa na nailoni iliyofungwa kwa kamba. Masika yalikuwa yanakaribia. Tulihitaji chumba.

Kiwanja chetu kilikuwa chembamba. Tukiacha nafasi iliyotakiwa kisheria, kingetoka chumba cha kulaza majembe. Lakini upande wa kushoto kulikuwa na kiwanja cha fundi baiskeli, jirani yetu wa miaka mingi, aliyekimbia na mkewe baada ya nyumba yake kuchomwa. Yalibaki magofu na majani marefu. Tukichukua mita mbili tu za ua wake, chumba kingemtosha Mama mdogo na watoto wake. Siyo kuiba, mama alisema. Akirudi tutaongea naye kama binadamu.

Mpimaji alikuja, akauliza nani analala wapi, akaandika. Aliinua nailoni ya barazani, akamtazama Mama mdogo na mtoto, akaandika na hilo. Kisha akapima, akakunja kipimo, akasema sheria inaruhusu mtu kujenga juu ya ua wa jirani kwa kitu kimoja tu: karatasi yenye sahihi ya jirani huyo.

"Muzee, jirani alikimbia," mama alisema. "Asiyekuwepo na lake halipo. Hata we unajua."

"Kwenye sahani ya wali, ndiyo, Mama Zuhura. Kwenye udongo, apana."

Hapo mama yangu alifanya jambo ambalo labda watu wa mtaa wetu tu wangelifikiria. Kwetu, bibi harusi haketi mbele ya shehe. Anamtuma wakili aseme kwa niaba yake, na ndoa inasimama. Mama aliona kama ndoa inasimama kwa wakili, ukuta utashindwaje? Alikwenda kwa wazee watatu wa msikiti, watu wanaoheshimika, na fundi baiskeli alikuwa akiswali nao safu moja. Waliandika karatasi nzuri kwa herufi za Kiarabu na chini yake kwa Kiswahili, kwamba wao ni mawakili wa ndugu yao aliyesafiri, na kwa niaba yake wanaridhia. Wakatia sahihi wote watatu. Tuliipeleka ofisini tukiwa tumevaa vizuri.

Mpimaji aliisoma mara mbili. Ilionekana imempendeza. "Kwenye ndoa," aliuliza, "wakili anatumwa na nani?"

"Na mwenyewe, bibi harusi," mama alijibu.

"Na hawa wazee, fundi baiskeli aliwatuma?"

Mama akamgeukia mzee aliyekuja nasi, mmoja wa wale watatu. Mzee alikohoa, akasema polepole, "Hapana. Haki ya Mungu, hakututuma." Akaichukua karatasi, akaikunja, akaitia kwenye kanzu. Nilimwona ameona haya, nami nilikuwa na hasira hata masikio yakaniwaka.

Nilimleta fundi wa kujenga, mimi mwenyewe. Asubuhi mapema tulichimba msingi ndani ya ua wa jirani, na saa sita ukuta ulikuwa na mistari mitatu ya tofali. Mpimaji alitokea na kopo lake dogo la rangi nyekundu, akachora msalaba. Jabe nzima hakuna fundi aliyegusa ukuta wenye msalaba wake. Wangu alikusanya vifaa vyake bila kuaga.

Nilimwambia maneno ambayo siyaandiki hapa. Nilimwambia wale vijana wa ofisini walimpiga kofi moja, walipaswa kumpiga mengine. Alisikiliza yote, kopo mkononi.

"We ungejenga, wale vijana wangejenga," alisema. "Mi nitawaambia nini?"

"Mimi ni sawa na wale?"

"Apana. Lakini ukuta ni sawa." Akafunga kopo. "Fundi baiskeli iko Carama, kwa shemeji yake. Nimeuliza. Nipe wiki moja, nitamupelekea hiyo karatasi asaini mwenyewe."

Nilimcheka usoni. Kwenda Carama wakati ule, kupita Kinama na vizuizi vyake, kwa miguu, kwa ajili ya sahihi! Hata wenye magari hawakwenda.

Mvua ilianza siku ya pili yake. Nailoni ilivuja upande wa kichwani. Sauda alianza kukohoa, kisha homa ikapanda, kifua kikawa kinaingia ndani kila akivuta pumzi. Zahanati ilifungwa siku mbili kwa sababu ya risasi, na ilipofunguliwa tulimkuta muuguzi mmoja na dawa kidogo. Sauda alifariki siku ya tano, adhuhuri, mikononi mwa mama yake. Tulimzika kabla ya alasiri.

Siku ya saba Mpimaji alikuja. Suruali ilikuwa na matope mpaka magotini, na kiatu kimoja kilikuwa kimefungwa kwa kamba ya mgomba. Aliwaona wanaume wameketi kwenye mkeka mbele ya duka, akavua viatu, akaketi nao. Nadhani alifikiri aliyefariki ni bibi. Mtu mmoja akamnong'oneza. Aliketi pale mpaka dua ikaisha, hakunyanyua kichwa. Alipoondoka alimkabidhi mama yangu karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa na sahihi ya fundi baiskeli, na juu yake fundi ameandika kwa mkono wake: "Jengeni. Nikirudi tutaongea."

Chumba tulikijenga. Mama mdogo alilala humo miaka na watoto wake watatu, na katika miaka yote hiyo hakumtaja Mpimaji hata mara moja. Mpimaji akipita barabarani, yeye aliingia ndani. Mimi nilimtaja, tena kwa ubaya. Sijui kama ni baraza lililomuua Sauda. Masika yale walikufa watoto wengine waliokuwa wakilala vyumbani. Lakini nilijua kwamba siku saba zilikuwa nyingi, na kwamba hakuwahi kuja kusema pole, nilikosea, kama alivyomwambia yule mjane kwa ajili ya dirisha tu. Hilo ndilo lililonikaa kooni.

Mazungumzo ya amani yalipoanza kuzaa matunda, fundi baiskeli alirudi. Alisimama katikati ya majani marefu, akageuka huku na huku, akalia kwa sauti. Kiwanja chake kilikuwepo. Katika mitaa mingine tuliyoijua, viwanja vya waliokimbia vilishachukuliwa na watu. Chake kilikuwepo, kasoro mita mbili alizozitoa mwenyewe. Yeye na mama waliongea kama walivyoahidiana, na haikuchukua hata saa moja. Aliupiga lipu ukuta wetu kwa upande wake, akapigilia misumari, akaning'iniza magurudumu ya baiskeli.

Mama mdogo aliyaangalia hayo yote. Kisha naye akachukua funguo zake akaenda Mutakura.

Alirudi jioni ileile. Kwenye kiwanja chake kulikuwa na nyumba nyingine, kubwa, yenye geti la bluu. Mwanamke aliyefungua alikuwa mpole, alimpa hata maji ya kunywa. Akamwonyesha ruhusa ya kujenga, yenye muhuri. "Walituambia hapakuwa na mutu," alisema. Siku ya tatu Mama mdogo aliniambia, "Zuhura, nipeleke kwa Mpimaji."

Nilidhani sikusikia vizuri.

Alikuwa amestaafu. Tulimkuta kwenye chumba cha kupanga nyuma ya nyumba ya watu, karibu na soko, jicho moja limefunikwa na ukungu mweupe. Alimtambua Mama mdogo kabla hajanitambua mimi, akasimama.

"Muzee," Mama mdogo alisema, bado amesimama, "mi nilikuchukia sana. Sikuficha. Leo nimekuja juu ya parseli yangu. Wamejenga. Hakuna mutu aliniuliza."

"Mi siko tena na kashe ya kugonga, mama. Karatasi yangu haina nguvu."

"Sitaki kashe. Iko na kashe nyingi kule. Nataka mutu mumoja aandike kama mi sikukubali. Mutu ambaye hasemi uongo."

Mpimaji alitoa kipimo chake chini ya kitanda. "Siwezi kuandika juu ya fasi sijafika kuona," alisema. "Tuende."

Tulikwenda kwa teksi siku hiyohiyo. Mwanamke mpole alitoka getini na mumewe, na majirani wakasimama milangoni kutazama mzee nusu kipofu akipima kiwanja kutoka barabarani. Ilibidi mtu ashike ncha ya kipimo. Nilinyoosha mkono, lakini Mama mdogo aliishika yeye. Alikuwa akiikandamiza kwa kidole gumba penye jiwe la mpaka, na Mpimaji akaenda na upande wa pili, akipapasa ukuta, akiniambia namba niziandike. Pembe nne. Mume wa yule mwanamke alitaka kutufukuza, kisha akaacha, akaketi kwenye ngazi yake mwenyewe na mikono kichwani. Naye alikuwa amekimbia mahali, bila shaka.

Mpimaji aliandika akiegemea goti, karatasi karibu na pua. Alitusomea: vipimo, mipaka, na mwisho, "Mwenye parseli hakuwepo. Hakuulizwa. Anasema hakukubali." Akampa Mama mdogo kalamu, naye akatia sahihi, polepole, kila herufi. Karatasi ile iko leo kwenye faili la madai yake, pamoja na nyingine nyingi zenye muhuri, na kesi haijaisha. Ndiyo karatasi pekee yenye ukweli ndani yake, na ndiyo wanayoipita mahakimu haraka kuliko zote.

Lakini pale barabarani hatukujua hayo. Mama mdogo alimrudishia kalamu, na hakuondoka. Alisema, kwa sauti ya kawaida, "Muzee, Sauda angekuwa na miaka kumi na moja."

"Ninajua," alisema. "Kila masika ninamuhesabia. Mi nilipima ukuta, mama. Mutoto sikumupima. Nilitoa siku saba, na mvua nilikuwa naiona inakuja. Nisamehe."

Nililia pale, mbele ya watu nisiowajua, bila haya. Mama mdogo hakulia. Hakusema amemsamehe, wala hakusema hajamsamehe. Aliona kwamba mzee haioni vizuri mifereji ya barabara, akamshika mkono, na tukarudi hivyo polepole mpaka kwenye teksi.